Lubumbashi: Bastola ya kalibre 22 kwa mchezo wa shabaha, itapigiwa wapi?

Katika maduka ya silaha ya Marekani, swali hili huulizwa kila siku na hakuna anayeshtuka: bastola gani ndogo, ya risasi za kalibre 22, inafaa kwa mtu anayetaka kulenga makopo nyuma ya nyumba yake siku ya mapumziko? Muuzaji anataja majina matatu manne, mteja anaonyesha kitambulisho, analipa, anarudi nyumbani. Mkaaji wa Lubumbashi akiuliza swali hilohilo, jibu linageuka kabisa. Si kwamba bastola za Katanga ni tofauti na za Texas. Chuma ni kilekile. Kinachogeuka ni lupango ambamo risasi itapigwa, jirani atakayesikia mlio, na sheria inayosubiri mlangoni.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu hapo majibu yapo wazi.

Risasi ya kalibre 22 ni ya zamani sana. Ile inayotumika leo duniani kote ilitengenezwa Marekani mwaka 1887 na kampuni ya Stevens, na mpaka sasa ndiyo inayotumiwa na wengi wanaojifunza kulenga. Ni ndogo, ya bei nafuu, na hairushi mkono nyuma kwa nguvu. Lakini ina jambo moja linaloitofautisha na risasi za milimita 9 ao za AK ambazo Wakongomani wengi wameziona barabarani. Risasi hizo kubwa zina fataki katikati ya kitako. Ya kalibre 22 haina. Dawa yake ya kuwasha baruti imefichwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako cha ganda, na pini ya bastola inagonga ukingo huo.

Shida inaanzia hapo. Kiwandani, dawa hiyo inatiwa ndani ya ganda ikiwa na maji, kisha inasambazwa izunguke ukingo wote. Ikibaki sehemu isiyo na dawa, na pini ikagonga palepale, risasi haitoki. Ndiyo sababu hata bastola nzuri ya kalibre 22 inakataa kulia mara nyingi kuliko ya milimita 9. Anayelaumu bastola mara nyingi angelaumu risasi. Wazoefu hununua aina mbili tatu za risasi, wanapiga mia moja ao mia mbili za kila aina, kisha wanabaki na ile ambayo bastola yao inaipenda. Na risasi ikikataa, hawafungui bastola mara moja: wanaendelea kuielekeza kwenye shabaha kwa nusu dakika hivi, kwa sababu baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa.

Bastola zinazojijaza zenyewe zina mahitaji mengine. Zinategemea nguvu ya risasi kusukuma chuma cha juu nyuma, kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Risasi dhaifu haisukumi vya kutosha, ganda linakwama. Risasi hizi pia nyingi ni za risasi tupu, yaani madini yenyewe ya risasi, zimepakwa nta ao mafuta, na zinaacha uchafu mwingi. Bastola isiyosafishwa inaanza kukwama hata kama imetoka kwenye kiwanda chenye sifa. Rivolva, ile yenye silinda inayozunguka, haijali nguvu ya risasi: moja ikikataa, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Kwa mtu aliye mbali na fundi wa silaha na asiyeweza kuchagua risasi dukani, rivolva ndiyo ingekuwa jibu la busara, hata kama kifyatuo chake mara nyingi ni kizito na inapiga polepole.

Majina yanayotajwa sana yanajulikana. Ruger ilianza biashara yake na bastola ya kalibre 22 mwaka 1949, na uzao wake wa sasa, Mark IV, ulitoka mwaka 2016. Ulisifiwa kwa sababu unafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja, wakati zile za mbele yake zilikuwa mateso kuzirudisha baada ya kuzisafisha. Browning ina Buck Mark, iliyotoka mwaka 1985. Smith & Wesson ina Victory. Zote hizo ni bastola zinazolenga vizuri na kudumu miaka.

Lakini angalia yaliyoipata Mark IV. Mwaka 2017, Ruger yenyewe ilitangaza kwamba bastola hizo zilizotengenezwa kabla ya Juni mwaka huo zingeweza kulia bila kukusudiwa, ikiwa kitufe cha usalama kimeachwa katikati, kisipokuwa juu wala chini. Kampuni iliwaomba wateja waache kuzitumia na wazirudishe zitengenezwe bure. Mteja wa Ohio alituma kifurushi, akangoja. Aliyeipata bastola hiyo Lubumbashi kwa njia ya kando, bila karatasi, angeituma kwa jina gani, na kwa forodha ipi? Bastola inahesabiwa kuwa ya kuaminika pamoja na fundi wake, risasi zake, karatasi zake na kampuni inayokubali kuipokea ikiharibika. Ukiondoa hayo, chapa nzuri inabaki chapa tu.

Sasa twende kwenye lupango.

Risasi ya kalibre 22 ina uzito wa gramu 2,6 hivi, na kwenye bastola inatoka kwa mwendo wa karibu mita 300 kwa sekunde. Watu wanaiona ndogo na kuidharau. Watengenezaji wa Marekani huandika kwenye masanduku kwamba inaweza kuleta hatari mpaka maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2,4. Chukua ramani ya Lubumbashi, weka kidole katikati ya Katuba, chora duara la kilomita mbili. Ndani yake utakuta shule, makanisa, masoko, vituo vya afya na maelfu ya paa za bati. Fanya hivyo Kenya, Kamalondo, Kampemba ao Ruashi, mambo ni yaleyale. Hata Golf, ambako kuta ni ndefu, ukuta wa jirani uko hatua chache tu.

Kuna wanaodhani ukuta wa tofali unatosha kusimamisha risasi. Ukuta unaweza kuisimamisha. Unaweza pia kuirudisha. Risasi ya madini laini ikigonga kitu kigumu kwa pembe ndogo inaruka na kwenda kusikotarajiwa: jiwe, saruji, chuma cha lango, hata maji. Nje ya mji, kwenye mashamba upande wa Kipushi ao kwenye barabara ya Likasi, mtu anaweza kushawishika kutumia vile vichuguu vikubwa vya Katanga, virefu kuliko nyumba, kama kizuizi. Kichuguu kilichokaushwa na jua la mwezi wa tisa ni kigumu kama tofali lililochomwa. Kinachotakiwa ni tuta la udongo laini, lisilo na mawe, refu kuliko mtu na nene kupita mita moja, na nyuma yake pori lisilo na njia ya watu. Katika Katanga ya wachimbaji, wachoma makala na wauza uyoga, pori lisilo na njia ya watu ni adimu kuliko inavyoonekana barabarani.

Kupiga ndani ya nyumba, kwa mfano kwenye garaji, ni kosa lingine. Kila risasi inaacha vumbi la risasi, la madini yenyewe, hewani na sakafuni, na fataki yake kwa kawaida ina madini hayohayo. Watoto ndio wanaoumizwa zaidi na sumu hiyo, kwenye ubongo na damu. Mji unaolalamika juu ya vumbi na moshi wa viwanda hauhitaji kuongezewa mengine chumbani.

Halafu kuna mlio. Bastola ya kalibre 22 inapita desibeli 140, kiasi ambacho kinaumiza masikio yasiyofunikwa. Pale Lubumbashi, mlio wa bastola hauumizi masikio peke yake. Tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga waliingia mjini mpaka katikati, wakapandisha bendera yao. Watu kama 35 walikufa, na zaidi ya 200 kati ya wapiganaji hao wakajisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO. Septemba 2020 wengine walirudi. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2021, Siku ya Wapendanao, ikawa zamu ya kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati, na watu zaidi ya kumi waliuawa. Wakaaji walioishi siku hizo hawasikilizi mlio wa bunduki na kufikiri kwamba jirani anacheza. Wanawaingiza watoto chini ya kitanda. Wanapiga simu. Duka linafungwa, teksi inageuza njia. Ao askari wanafika mbio, vidole kwenye vifyatuo, kutafuta nani amepiga.

Anayetaka kulenga kopo lake saa kumi jioni, siku ya Mungu, angefaa kujiuliza jinsi atakavyowaeleza askari hao, akiwa bado ameshika bastola.

Na ataulizwa karatasi. Sheria inayotawala silaha Kongo ni ile iliyotiwa sahihi na Mobutu tarehe 3 Septemba 1985, yenye namba 85-035. Ni ya zamani, iliandikwa kwa nchi iliyoitwa Zaire, lakini msingi wake unaeleweka: kuingiza silaha nchini, kuiuza, kuwa nayo na kuibeba, vyote vinataka ruhusa ya serikali. Kuwa na bastola bila ruhusa ni kosa la jinai. Na silaha ikihesabiwa kuwa ya vita, mambo yanakuwa mazito zaidi: sheria za kijeshi za mwaka 2002 zinaruhusu hata raia apelekwe mbele ya mahakama ya kijeshi. Mtu aliyenunua bastola kwa rafiki wa rafiki, bila namba iliyoandikwa popote, hawezi kujua pia ilifanya nini kabla ya kufika mikononi mwake. Kama ilitumika kwenye wizi ao mauaji, ni yeye atakayekutwa nayo.

Juu ya sheria ya nchi kuna Itifaki ya Nairobi, ambayo Kongo ilitia sahihi tarehe 21 Aprili 2004 pamoja na nchi nyingine za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Inazitaka serikali ziwakataze raia kabisa silaha nyepesi za vita, bunduki za rashasha na bunduki ndefu zinazojijaza zenyewe. Ukisoma maneno yake kama yalivyo, hata ile bunduki ndefu ya kalibre 22 inayojijaza, ambayo Marekani hupewa watoto wa shamba kujifunzia, inaingia kwenye katazo hilo. Bastola haikuwekwa katika katazo hilo, lakini nchi inapaswa kuiandikisha, kuiwekea alama na kuhakikisha mwenyewe anaitunza salama.

Kipimo kizuri cha ukali wa serikali kiko mbele ya kila benki ya mji. Walinzi wa kampuni binafsi wanasimama na fimbo na redio. Anayeshika bunduki pembeni yao ni polisi wa serikali. Kama kampuni yenye mkataba na jengo la kulinda haikabidhiwi silaha ya moto, mtu mmoja anayesema anataka kucheza atahitaji maelezo ya nguvu sana.

Hapa panakuja jambo ambalo wengi hawalisemi kwa sauti. Mara nyingi neno shabaha ni koti tu. Ndani ya koti kuna hofu ya wezi wa usiku. Hofu hiyo ina sababu. Kwa miaka sasa wakaaji wa Annexe, Katuba, Ruashi na Kampemba wanalalamika juu ya watu wenye silaha wanaovunja milango usiku, wakichukua simu, pesa na mara nyingine maisha. Mitaa mingine imejifunza kupuliza firimbi na kugonga sufuria, nyumba kwa nyumba, mpaka wezi waondoke. Mtu aliyepitia usiku kama huo akiona bastola ndogo nzuri, anajiambia itamsaidia.

Hesabu yake haiko sawa. Wanaokuja usiku wanakuja kikundi, na mara nyingi na silaha za kijeshi. Kalibre 22, inayokataa kulia mara moja moja, ndiyo silaha ya mwisho ambayo mtu yeyote anayejua mambo hayo angeichagua kwa usiku wa namna hiyo. Mbaya zaidi, bastola ndani ya nyumba ni mali ambayo mwizi anaitamani kuliko televisheni. Mfanyakazi wa nyumbani anajua iko wapi, mpwa anajua, rafiki wa mpwa anajua. Firimbi haiwezi kuibwa na kutumiwa kwenye lupango ya pili.

Katanga imeshalipa bei kubwa kutoa silaha majumbani. Katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, yule aliyekuja kuongoza tume ya uchaguzi mwaka 2011, lilizunguka jimboni na baiskeli: lete bunduki, chukua baiskeli. Watu walicheka, kisha wakaleta. Bunduki nyingi zilikusanywa kwa njia hiyo. Upande wa mashariki, hadithi imekwenda kinyume: Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, silaha zilizoachwa na askari wakikimbia zilibaki barabarani, na raia, wakiwemo watoto, waliziokota. Mtu wa Kivu anayesoma maneno kulenga shabaha nyumbani ana haki ya kutabasamu kwa uchungu.

Je, mchezo wenyewe hauna nafasi Afrika? Unayo, lakini unaishi kwenye viwanja. Kenya, wapenzi wa bastola wanakutana Kirigiti, karibu na Kiambu, ambako kuna tuta, msimamizi na kanuni, na kila mmoja ana cheti cha bodi ya leseni za silaha. Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kutumika 2004, mtu lazima awe na miaka 21, afunzwe, afaulu, apate cheti cha uwezo kutoka polisi, kisha aombe leseni ya kila silaha peke yake na awe na sanduku la chuma la kuifungia. Asiye mwanachama maalumu wa mchezo hawezi kuweka nyumbani zaidi ya risasi 200 kwa kila silaha. Bado nchi hiyo inalia na mauaji ya bastola. Karatasi hazimalizi shida, lakini mchezaji anajulikana, na uwanja wake unajulikana.

Kwa anayependa kweli kulenga, bila kufikiria wezi, kuna njia nyingine, na dunia nzima iliiona tarehe 30 Julai 2024. Siku hiyo Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwanaume wa miaka 51, alisimama mkono mfukoni, na miwani yake ya kawaida, akashinda medali ya fedha ya Olimpiki pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilizunguka kwenye simu za Lubumbashi kama kwingine. Wengi hawakujua kwamba bastola ile haikuwa na baruti. Ilikuwa bastola ya upepo, inayosukuma kipande cha milimita 4,5 chenye uzito wa nusu gramu, kwa umbali wa mita 10. Alama ya kumi kwenye karatasi ina upana wa milimita 11,5 tu. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya kalibre 22. Kalibre 22 yenyewe ina mashindano yake ya Olimpiki, ya mita 25, lakini anayeanza huko mara nyingi alipitia kwanza kwenye upepo.

Mita 10 zinapatikana hata kwenye lupango ya kawaida. Kisanduku cha chuma chenye mdomo wa mteremko kinakusanya vipande, na ubao mnene nyuma yake unazuia vinavyokosea. Mlio haumwamshi jirani. Lakini si kitu cha watoto: kipande hicho kinatoboa jicho bila shida, na miwani ya kulinda macho ni lazima kwa kila aliyeko karibu, pamoja na mtu mzima anayesimamia wakati wote. Kwa macho ya askari aliye mbali pia, bastola ya upepo inafanana kabisa na ya kweli, kwa hiyo haitoki nje ya lango na haitembezwi kwenye gari. Anayeileta kutoka Zambia ao Afrika Kusini aulize polisi kabla ya kuagiza, na aitangaze kwa DGDA pale Kasumbalesa, akiwa na risiti ya duka mkononi, kabla afisa hajaikuta mwenyewe chini ya kiti.